Kupandisha teke hadi kichwani: mwongozo wa kulainisha nyonga kwa wacheza taekwondo na karate

Karibu kila ukumbi una watu wa aina mbili. Wa kwanza anapiga msamba hadi sakafuni, lakini akiingia kupigana teke lake linaishia kifuani. Wa pili msamba haujui, hata nusu hafiki, ila mguu wake unapita sikioni mwa mpinzani bila taabu. Hiyo ni kwa sababu teke la juu linataka mambo manne kwa pamoja: kiuno kilichokaa katika mkao unaouruhusu mfupa wa paja kupanda, misuli ya paja inayokubali kurefuka, nguvu ya kuubeba mguu huko juu, na mguu wa kusimamia unaozunguka kwa wakati. Kimoja kikikosekana, vitatu vilivyobaki havitoshi. Wengi wanaojinyoosha miaka na miaka bila kuona mabadiliko wananyoosha sehemu ambayo haikuwa na shida.

Na kazi hii ina malipo yake. Katika taekwondo ya Olimpiki teke la kawaida la kiwiliwili lina alama 2, la kichwani 3. Katika karate ya mashindano, teke safi la jodan, yaani la kichwani, ni ippon, alama 3, wakati ngumi ya kawaida inakupa 1. Zaidi ya alama, mpinzani akishajua mguu wako unafika kichwani, mikono yake inapanda na mbavu zinabaki wazi.

Pima kwanza

Tafuta chaki, ukuta usioogopa kuchafuliwa, meza inayofika usawa wa nyonga yako, na mwenzako mmoja. Ruka kamba au kimbia papo hapo kwa dakika 5, maana mwili wa baridi utakupa kipimo cha uongo.

1. Simama ukitazama ukuta, viganja viwili vimeushika. Inua mguu wa kulia kwenda pembeni, goti limenyooka, polepole, bila kuurusha. Ukifika mwisho, shikilia sekunde 2 na mwenzako aweke alama ya chaki ukutani usawa wa kisigino. Shusha. Sasa yeye aushike mguu huohuo na kuupandisha taratibu mpaka umwambie basi, aweke alama ya pili. Rudia kwa mguu wa kushoto.

2. Simama ubavu kwa meza, weka kisigino juu ya meza, mguu ukiwa umekwenda pembeni kabisa na magoti yote yamenyooka. Jaribu pande zote mbili.

3. Lala chali. Mguu mmoja unabaki sakafuni umenyooka, mwingine unapanda ukiwa umenyooka vilevile. Simamisha kipimo mara goti la chini linapoanza kujikunja au kiuno kinapoanza kunyanyuka. Mtu wa kawaida anapata nyuzi kati ya 80 na 90.

Alama za chaki ndizo zinazosema mengi kuliko vyote. Zikiachana kwa zaidi ya shibiri moja, misuli yako inarefuka vya kutosha. Unachokosa ni nguvu ya kuuinua mguu. Kunyoosha zaidi hakutakupa hata sentimita moja ya teke, nenda kwenye sehemu ya nguvu hapa chini. Zikikaribiana na zote ziko chini ya nyonga, hapo kweli una kazi ya kunyoosha. Zikiwa zote juu lakini teke lako bado la chini, tatizo ni ufundi, na mara nyingi ni mguu wa kusimamia.

Kipimo cha meza kina habari njema ambayo wachezaji wengi hawajawahi kuambiwa. Hakuna msuli unaotoka mguu mmoja kwenda mwingine. Ukiweza kuweka mguu wa kulia usawa wa nyonga, kisha wa kushoto vilevile, misuli ya kila upande tayari ina urefu wa msamba. Kinachokuzuia ukitanua yote miwili ni mishipa ya fahamu: mwili unaona unateleza mahali usipo na nguvu, basi unaikaza misuli ya ndani ya paja ili kukulinda. Dawa yake ni kuupa mwili nguvu katika mkao huo. Kumkalia mtu mgongoni mpaka ashuke hakumfundishi mwili kitu isipokuwa kuogopa zaidi.

Mkao wa kiuno

Fanya jaribio hili sasa hivi. Simama, vidole vya miguu vikitazama mbele, mgongo wima. Tanua miguu pembeni mpaka ukwame. Ukiwa hapohapo, sukuma makalio nyuma kidogo na uinamishe kiuno mbele, kama unataka kukaa kwenye kiti cha chini. Utapata nafasi zaidi papo hapo. Sasa rudi wima na ugeuze magoti na vidole vitazame nje; utapata nafasi tena.

Sababu ni mifupa. Sehemu ya juu ya mfupa wa paja ina nundu upande wa nje, na mguu ukipanda pembeni huku kiuno kiko wima, nundu hiyo inaelekea kugota kwenye mfupa wa nyonga, na kano za mbele ya nyonga zinakaza. Mkao ukibadilika, njia inafunguka. Ndiyo maana yeop chagi, teke la pembeni, halipigwi kiuno kikiwa kimesimama wima: unageuza kiuno, unalalia upande mwingine, makalio yanasukumwa nyuma kidogo, ndipo kisigino kinapata njia ya kupanda. Anayenyoosha paja la ndani kila siku huku akipiga teke kiuno kimefungwa anasukuma mfupa dhidi ya mfupa, na mfupa haulainiki.

Umbo la nyonga pia halifanani kwa watu wote. Wengine shimo la nyonga ni la kina na limeelekea mbele, na hao msamba wa pembeni hawataufikisha chini hata wafanyeje. Teke la kichwani bado wanaliweza, kwa sababu halihitaji nyuzi 180.

Kabla ya mazoezi: mwendo, usikae kwenye mnyoosho

Kukaa katika mnyoosho mmoja kwa dakika nzima au zaidi kabla ya kupiga mateke kunapunguza kidogo nguvu ya mlipuko ya msuli huo. Kwa hiyo kabla ya darasa fanya mwendo, na minyoosho ya kukaa iachie mwisho.

Anza na kamba au mbio nyepesi dakika 5 hadi 8, mpaka jasho lionekane. Asubuhi za baridi, kama Arusha au Limuru mwezi wa Julai, ongeza muda na usivue suruali ya michezo haraka. Kisha zungusha nyonga: goti juu, liende nje, lishuke, mara 10 kila upande, halafu kinyume chake.

Baada ya hapo punga mguu. Shika ukuta au kiti, mguu wa kusimamia umenyooka, kisigino sakafuni. Punga mbele mara 10 hadi 12, pembeni idadi ileile, nyuma idadi ileile. Mapigo matatu ya kwanza yaishie usawa wa kiuno tu, kisha pandisha kidogokidogo. Seti 2 au 3 zinatosha. Mguu uongozwe kwenda juu na uongozwe kushuka. Ukiurusha kama jiwe, msuli unavutwa ghafla, mwili unajibu kwa kuukaza, na hapo ndipo nyuma ya paja huchanika. Urefu ukianza kupungua ndani ya seti, msuli umechoka, acha.

Seti 3 za kupunga namna hii asubuhi, kabla ya kwenda kazini au shuleni, zina faida kubwa kuliko udogo wake. Ni dakika 10 tu. Baada ya wiki chache mwili unauzoea urefu ule, na jioni ukifika ukumbini hauanzi sifuri.

Baada ya mazoezi: minyoosho yenyewe

Misuli imeshapata joto, hakuna tena haja ya nguvu ya mlipuko. Kila mnyoosho ukae sekunde 30, mara 2 au 3 kila upande, siku 4 au 5 kwa wiki. Lenga kila kundi la misuli lipate jumla ya dakika 5 au zaidi kwa wiki. Kujinyoosha saa nzima Jumapili moja hakufikii dakika chache za kila siku.

*Nyuma ya paja.* Lala chali, pitisha mkanda wako wa mazoezi, au khanga, kwenye unyayo, nyanyua mguu ukiwa umelegeza goti kidogo sana. Mguu mwingine ubaki sakafuni. Kosa la kawaida ni kukaa chini na kuvuta vidole vya miguu huku mgongo umepinda: vidole vinaguswa kweli, lakini kinachonyooka ni mgongo, na misuli ya paja imebaki palepale. Kama unapenda kukaa, kalia blanketi lililokunjwa ili kiuno kielekee mbele, kisha inama kutoka kwenye nyonga, kifua kikiwa mbele. Utainama kidogo tu na utausikia mvuto mahali pake.

*Mbele ya nyonga.* Piga goti moja chini, mguu mwingine mbele. Kaza kalio la upande wa goti lililo chini, kisha sogea mbele sentimita chache. Bila kukaza kalio, kiuno kinajipinda na mnyoosho unahamia mgongoni. Wengi wanauruka huu kwa kuona haumhusu mpiga mateke, lakini katika ap chagi, teke la mbele, na naeryeo chagi, teke la kushusha kisigino kutoka juu, mguu mmoja unapanda huku nyonga ya mguu wa kusimamia ikitakiwa kufunguka. Ikiwa imekaza, inakirudisha kiuno nyuma na teke linashuka nacho.

*Ndani ya paja.* Hapa fanya miwili. Wa kwanza ni wa chura: piga magoti kwenye mkeka, tanua magoti, miguu ikunjwe nyuzi 90, viwiko sakafuni, kisha rudisha makalio nyuma taratibu. Wa pili ni kukaa na kutanua miguu iliyonyooka, vidole vikitazama juu. Inahitajika yote kwa sababu baadhi ya misuli ya ndani ya paja inaishia kwenye mfupa wa paja, na mmoja mrefu unavuka goti. Goti likiwa limekunjwa, huo mrefu haupati kitu.

*Makalio.* Lala chali, kifundo cha mguu mmoja juu ya goti la mwingine, vuta paja la chini kifuani. Mara 2, inatosha.

Kukaza na kuachia

Hii ndiyo njia inayoleta matokeo ya haraka zaidi, ila inachosha msuli. Ifanye siku 3 kwa wiki, usiipite, na kamwe usiifanye kabla ya kupigana. Tuchukue mfano wa nyuma ya paja, umelala chali na mkanda umeushika mguu:

1. Vuta mguu mpaka mwanzo wa mvuto, mahali unapoweza bado kupumua kwa raha.
2. Sukuma kisigino dhidi ya mkanda, kana kwamba unataka kuurudisha mguu chini, kwa nusu ya nguvu zako. Mkanda usiachie. Hesabu sekunde 5 au 6, huku ukipumua.
3. Acha kusukuma kabisa. Toa pumzi ndefu, na wakati inatoka vuta mguu sentimita 2 au 3 zaidi.
4. Kaa hapo sekunde 20 hadi 30.
5. Rudia mara 3, kisha badilisha mguu.

Wanaokosea hukosea hatua ya pili: wanasukuma kwa nguvu zote, wanabana pumzi, mwili mzima unakaza mpaka shingo, na hatua ya tatu haitoi kitu.

Kwa msamba wa pembeni fanya ukiwa umesimama. Weka viti viwili imara mbele yako, mikono juu yake ibebe uzito. Simama peku kwenye mkeka usioteleza, tanua mpaka mwanzo wa mvuto, kisha ikandamize miguu yote miwili sakafuni kana kwamba unataka kuukunja mkeka katikati. Sekunde 6, achia, shuka kidogo. Mara 3 hadi 5. Vigae na soksi havifai hapa: mguu ukiteleza ghafla, kinena kinachanika kabla hujashika kiti.

Nguvu ya kuubeba mguu

Kama alama zako za chaki ziliachana, sehemu hii ndiyo yako, na hata kama zilikaribiana utaihitaji, kwa sababu urefu mpya usio na nguvu haupigi teke. Siku 3 kwa wiki, usiziweke mfululizo.

*Kuvusha kisigino.* Kaa sakafuni, miguu imenyooka na kutanuliwa, viganja kando ya paja. Weka kiatu pembeni ya kisigino. Nyanyua mguu, uvushe juu ya kiatu, uurudishe. Mara 8 kila mguu, seti 3. Kadiri viganja vinavyosogea mbele kuelekea goti, ndivyo kazi inavyokuwa ngumu. Paja la mbele litabana na pengine kuingia mkakamao. Vumilia moto huo sekunde chache, tikisa mguu, endelea. Ukilalia nyuma ili kujisaidia, zoezi limekwisha.

*Teke la polepole.* Shika ukuta kwa mkono mmoja. Pandisha goti kwa sekunde 3, nyoosha teke kwa sekunde 3, shikilia hapo sekunde 3 hadi 5, kunja kwa sekunde 3, shusha. Mara 5 kila mguu, seti 3. Piga mahali unapoweza kushikilia bila kutetemeka sana, hata kama ni kiunoni. Kimo kitapanda chenyewe wiki hadi wiki.

*Kuinama na dumu.* Dumu la lita 5 lililojaa maji lina uzito wa karibu kilo 5. Lishike, simama mguu mmoja, inama kutoka kwenye nyonga huku mguu wa nyuma ukinyanyuka, mgongo umenyooka. Teremka kwa sekunde 3, panda kawaida. Mara 8, seti 3. Zoezi hili linaijenga nyuma ya paja ikiwa imerefuka, mahali hasa inapochanika mtu anapopiga naeryeo chagi.

*Planki ya pembeni na kiti.* Lalia ubavu, kiwiko chini, goti la juu liwe juu ya kiti, nyanyua kiuno. Sekunde 10 hadi 15, mara 3 kila upande. Ukizoea, weka kifundo cha mguu badala ya goti. Kinena kinachovumilia hili kinavumilia mengi.

Kuliweka kwenye teke

Misuli ya nyuma ya paja inavuka nyonga na goti. Goti likikunjwa inalegea, na paja linapanda juu kuliko lingepanda mguu ukiwa umenyooka. Basi pandisha goti kwanza, lifike juu iwezekanavyo, ndipo unyooshe. Teke haliendi juu sana kuliko lilikokwenda goti. Anayeanza kunyoosha goti likiwa bado kiunoni ataishia mbavuni.

Kisha mguu wa kusimamia. Katika teke la mzunguko, dollyo chagi kwa taekwondo au mawashi geri kwa karate, kisigino chake kinatakiwa kielekee kwa mpinzani wakati teke linafika, yaani mguu umezunguka karibu nyuzi 180. Nyanyua kisigino kidogo, zunguka kwa mbele ya unyayo. Kisipozunguka, nyonga inabaki imefungwa na msokoto wote unaenda kwenye goti. Kwenye mkeka wenye mshiko mkali hapo ndipo goti linapoumia. Mwombe mwenzako aangalie kisigino peke yake kwa mateke 10. Asikuambie chochote kuhusu kimo.

Funga kandambili kwenye kamba, itundike kwenye kenchi au tawi, usawa unaoufikia leo. Ukipiga mateke 10 safi kila mguu, ukakunja goti kila mara na kurudi bila kuyumba, ipandishe vidole viwili. Likiharibika moja, ibaki hapo hadi siku nyingine.

Maumivu na maana yake

Mvuto katikati ya msuli, unaoisha ukiachia, ni wa kawaida. Mengine yasikilize kwa makini.

Maumivu chini kabisa ya kalio, mahali unapokalia, ni ya kano. Kunyoosha kunaizidishia. Acha minyoosho ya nyuma ya paja, baki na dumu kwa uzito mdogo, na uwe tayari kwa miezi, maana kano hupona polepole. Kubanwa mbele ya kinena goti linapopanda ni habari ya kiungo chenyewe: geuza goti nje kidogo, punguza kimo, na kama hakuishi baada ya wiki 2 au 3, muone daktari wa mifupa. Ganzi au umeme unaoshuka nyuma ya goti hadi unyayoni ni mshipa wa fahamu unavutwa. Shusha vidole vya mguu, kunja goti, usikae hapo. Ukisikia maumivu upande wa ndani wa goti ukiwa umetanua miguu, kano za goti zinabeba mzigo wa paja, hivyo rudi kwenye chura. Na ukisikia mlio wa ghafla, kisha pakavimba au pakaweka alama ya damu, siku hiyo mazoezi yamekwisha; weka barafu iliyofungwa kitambaani dakika 15 na uende hospitali.

Kwa watoto na vijana wanaokua tunasema bila kupepesa: asikaliwe mgongoni, asisukumwe mabegani, asivutwe miguu. Katika umri huo kano zimeshikilia sehemu za mfupa ambazo bado hazijaungana sawasawa, hasa pale kwenye mfupa wa kukalia, na kipande cha mfupa kinaweza kung'oka kabla msuli haujachanika. Kupunga mguu, chura wa taratibu na teke la polepole vinamtosha.

Muda

Wiki 2 au 3 za kwanza utaona maendeleo ya haraka. Sehemu kubwa ya hayo ni mwili kuuzoea mvuto, msuli wenyewe haujabadilika sana, na ukiacha yanaondoka upesi. Mabadiliko yanayokaa hudai wiki 6 hadi 8, na kwa mtu mzima aliyeanza akiwa amekakamaa, miezi kadhaa. Pima kwa chaki kila baada ya wiki 2, saa ileile ya siku, baada ya kupasha mwili kwa muda uleule. Jioni viungo vinakuwa laini kuliko alfajiri, na ukichanganya nyakati alama zitakudanganya. Ukishafika kimo unachokitaka, siku 2 kwa wiki za minyoosho na seti za kupunga mguu kabla ya kila darasa zinatosha kukishikilia.